Nani Anakupulizia Maji Sasa?

Kolwezi, Dilala, ku nyumba ile ile
Tarehe 6 Novemba 1993

Mpendwa mudogo wangu Valérie,

Yambo sana, na yambo tena, na yambo ya tatu uiweke pembeni kwa siku utakayonikasirikia. Uko muzuri? Mugongo haukuumi? Macho je, ungali unapitisha uzi ndani ya sindano bila kuazima lunete ya mutu? Batoto bako Mushiya na Kabasele banalala muzuri, banakula? Na bwana yako Badibanga, namusalimu pia. Umuambie nimemusalimu. Umuambie mara moja tu, inatosha.

Sisi huku tuko. Mi ni muzima, ukiondoa magoti, na ukiondoa yale meno mawili ya mbele ambayo unajua hayako tangu zamani. Muke wangu Henriette ni muzima pia. Malaria ilimukamata mwezi wa tisa, lakini ikamuachia yenyewe. Nafikiri ilichoka kugombana naye.

Kwanza nikupe habari ya kufurahisha moyo. Ile kazi ya pasi tuliyoanza pamoja ku baraza ya nyumba yangu imekuwa kubwa, huwezi kuamini. Tangu uende, mi peke yangu njo fundi wa pasi wa Dilala yote. Asubuhi jua halijatoka, batu bamekwisha kupanga mustari mbele ya mulango wa lupango yangu, mustari unapita nyumba ya katekista. Nguo zinatoka mpaka Manika. Bakubwa ba ofisi banatuma boyi zao na mashati ndani ya kapu. Nafikiri kuweka kibao chenye jina langu, na rangi nyekundu.

Basi. Nilipofika hapo Henriette alikuwa amesoma juu ya bega langu, akacheka mpaka akaketi chini, na kitambaa kikamutoka ku kichwa. Anasema nikiacha maneno hayo atakuandikia barua yake mwenyewe. Sawa. Mustari uko, hiyo si uongo. Lakini ni mustari wa maji. Robine ya lupango yangu njo moja tu ku barabara yetu ambayo ingali inatoa kitu, na batu banakuja na ndoo. Nguo hazikuji. Wiki iliyopita nilipata suruali moja tu, ya Mukalay ule mwalimu, na aliileta kwa sababu alikuwa anangoja ndoo yake ijae.

Usicheke. Ao cheka, lakini kidogo.

Muji huu umelegea, mudogo wangu. Siku zile kampuni ya shaba ilipokuwa na nguvu, mutu alikuwa anakwenda kazini na shati imenyooka, anarudi nayo imenyooka, kesho tena. Sasa kazi haiko lakini bengine bangali banakwenda. Banavaa, banachana nywele, banakwenda kukaa ku meza tupu, saa ya kurudi banarudi. Hao njo balikuwa bateja betu bazuri, unakumbuka? Mutu asiye na kazi ya kufanya, shati yake haichafuki.

Banasema maji yanapanda ndani ya mashimo ya kampuni kule Mashamba, kwa sababu mashine za kuvuta maji zimesimama. Mi nimebaambia baite bwana yako. Nasikia siku hizi amekuwa fundi mukubwa wa kuweka maji ndani ya kinywa.

Ndiyo, nimesikia. Njo jambo lililonifanya nikamate kalamu, usifikiri ni mapendo tu.

Stany, ule jirani yetu wa reli, alirudi na treni ya kule juu. Alikuja moja kwa moja hapa, akakaa ku kiti changu, akakata matonge ya bukari yangu, akapanguza midomo, kisha njo akakumbuka kwamba ana habari.

– Tata Ngeleka, nilimuona mudogo yako kule Kasai, ku Mwene-Ditu. Amefungua kazi ya pasi ku mulango wa nyumba yao. Bateja banakuja.

– Asante Mungu, nikasema. Na nani anamupulizia maji?

Stany akaangalia Henriette. Henriette akaangalia sahani.

– Stany, nakuuliza.

– Ni tata Badibanga, tata.

– Badibanga anapuliza maji? Na kinywa chake?

– Na kinywa chake.

– Anapuliza namna gani? Kama umande ao kama mvua?

– Ee tata, mi nilikuwa naangalia treni isiniache!

– Stany, muambie kama mvua, Henriette akasema, muzee apate kulala.

Sikulala. Nilizunguka ku kitanda mpaka Henriette akanihamisha ku mukeka. Alisema wivu wa namna hiyo mutu anausikia juu ya muke, si juu ya dada. Nikamujibu kwamba yeye hajui kitu. Muke mutu anaweza kuoa mwengine. Nitaoa wapi mutu wa kufuata maji yangu na pasi?

Valérie, unakumbuka vile tulikuwa tunafanya? Mi mbele, wewe nyuma. Mi nachukua maji ku kikombe, simezi, nafunga midomo, natafuta kola, kisha fyuuu! Maji yanatoka membamba kabisa, yanalala ku nguo bila kufanya tone. Wewe unakuja na pasi ya makala, ule jogoo wa chuma amefunga mufuniko, moto ndani yake unapumua, na mvuke unatupanda sisi wawili ku uso. Tunamaliza mbele, wewe unageuza, mi nimekwisha kujaza kinywa tena. Mafundi bengine banapuliza, banaweka kikombe, banatafuta pasi, nguo imekwisha kukauka. Sisi hatukuwa na kutafuta. Batu balicheka meno yangu yaliyotoka, lakini njo ile dirisha iliyofanya maji yangu yapite maji ya mafundi bote ba Dilala. Hiyo sijigambi. Henriette amesoma na hakusema kitu.

Na wewe ulikuwa muerevu, kabisa. Mambo yote ya kunigombeza ulikuwa unayaweka mpaka kinywa changu kijae. Yaya, ulikunywa pombe jana. Yaya, kwa nini ulimutukana katekista. Yaya, mupe Henriette pole, wewe njo muongo. Na mi macho yametoka kama ya chura, mashavu yamejaa, siwezi kujibu, mpaka niimalize shati. Na shati ikiisha, wewe umekwisha kuingia ku mambo mengine. Henriette akaona siri yako hiyo, siku moja akaniwekea kikombe cha maji ku meza ya chakula, akasema: Jaza kinywa, nami niko na maneno.

Sasa yule Badibanga! Acha niseme, barua ni yangu.

Badibanga mwenyewe njo alikuwa anapita ku baraza yangu na kalamu ku mufuko, mukarani wa magazini, ile stoo ya kampuni, anashika pua. Mate ya ndugu yako ku kola za batu, alikuwa anakuambia hivyo mbele yangu. Alikataza mashati yake yasipite ku kinywa changu! Ulikuwa unachovya vidole ndani ya bakuli, unamunyunyizia ta, ta, ta, kama padri anabariki ng'ombe. Leo yeye njo anapuliza. Mate yake sasa si mate? Yamekuwa maji ya baraka? Muulize. Mi nangoja jibu.

Tena ule mutu ana meno yote. Mutu mwenye meno yote hawezi kupuliza muzuri. Maji yanagonga ukuta. Angalia kola za bateja bako, utaona alama za matone, zinakauka na kufanya ramani. Ukiziona usiniandikie, mi nitajua tu.

Sisemi hivi juu ni mutu wa Kasai. Unanijua. Alizaliwa hapa, ku hospitali ile ile ulipozaliwa wewe, baba yake aliletwa kuchimba na kampuni, na Kasai yenyewe alikuwa anaijua ku chumba cha darasa, ku ramani ya ukuta. Nilicheza naye damu, ule muchezo wa kete, miaka mingi, akanishinda, nikamutukana kiswahili, akanitukana kiswahili. Stany anasema kule batu banacheka kiluba chake, banasema kina harufu ya Kolwezi. Nilitaka kucheka na mi. Kicheko kikakataa kutoka.

Lakini wivu wangu haukukataa. Umekaa pale pale. Ningependa awe muzima, ale, batu bamuheshimu, na asiguse kikombe.

Nyumba yenu mutu amekwisha kuingia. Sitaandika jina lake, ni mumoja wa bale balioimba ku barabara na filimbi kwamba batu ba Kasai barudi kwabo. Amepaka mulango rangi ya majani. Juzi alipita mbele ya baraza, akanisalimu kama ndugu: Muzee, na mi nitakuletea mashati. Nilikuwa na neno la kumupa, neno zuri kabisa, la zamani. Henriette akaniona, akanisogezea kikombe. Nikajaza kinywa. Akangoja jibu, akangoja, akachoka, akaenda. Nikapuliza yote ku ukuta. Ule ukuta sasa ni karibu safi.

Nisikufiche: nimejaribu kuweka mutu ku nafasi yako.

Nilianza na Henriette. Mi napuliza, yeye anasukuma. Saa yote anacheka, anasema nafanana na mutu anayetapika kwa adabu. Kwa kucheka akasahau pasi ku shati ya Mukalay, mwalimu, chini ya kola. Ilibaki alama ya pasi nzima, mpaka na ncha yake. Mukalay aliiangalia, akasema batoto ba darasa lake bangali hawajaona mashua, sasa bataiona. Ni mutu muzuri ule. Lakini alikaa mwezi muzima bila kuleta kitu.

Kisha kuna Mama Mbuyu, ule mujane wa ng'ambo ya barabara. Amefungua kazi ya pasi, na yeye! Ana pasi ya umeme. Umeme ukija, anafanya. Umeme ukienda, anakunja mikono na bateja banakaa kumungoja, banacheka naye, hakuna anayevuka barabara kuja kwangu mwenye makala. Ule mwanamuke ananichoma, Valérie. Mashati yake yanaanikwa ku kamba mbele kabisa ya macho yangu, meupe, yamesimama kama batu ba kwaya. Siku nyingine upepo ukipita nasikia yananicheka.

Na sikiliza hii, uisikilize muzuri. Alikuja mwenyewe hapa, amevaa kikwembe kipya, akasema:

– Tata Ngeleka, wewe njo unapuliza muzuri kupita bote. Vuka barabara. Mi nisukume, wewe upulize, tugawane.

Unasikia? Aliomba. Mbele ya Henriette! Mi bado natakiwa, mudogo wangu. Kinywa changu kingali na bei. Ningeweza kuvuka kesho asubuhi, na kikombe changu ku mukono, na Stany akija Mwene-Ditu akuambie: Tata Ngeleka anamupulizia Mama Mbuyu sasa, na kwa furaha. Ungesikia namna gani? Ungelala?

Nilimujibu nitafikiri. Henriette alisema usiku: Nenda, utalipwa. Hata yeye! Lakini asubuhi miguu haikuvuka. Sijui kwa nini. Nimezoea kuona mukono wako ukifuata, si mukono mwengine. Basi nikamuambia Mama Mbuyu meno yangu yanauma. Akaangalia kinywa changu, akasema: Yale gani?

Lakini pasi ya umeme si njo iliyoniua. Henriette anataka nikuandikie kweli yote, na amekaa hapa karibu, anachambua majani ya sombe na haangalii sombe.

Ni shati yangu nyeupe.

Unaijua, ile ya Jumapili, yenye mifuko miwili. Siku ile ya mwisho asubuhi, ilikuwa zamu yake. Filimbi zilikuwa zinasikilika upande wa soko, batu banapita na magodoro ku kichwa kwenda ku gare ya treni, mi nikasema ndani ya moyo, tufanye kazi, tukifanya kazi itaonekana ni siku kama zingine. Pasi ilikuwa imeshika moto. Nikatandika shati ku blanketi ya meza, nikajaza kinywa, nikaanza ku kola. Na wewe, kama kawaida yako, ukangoja kinywa kijae.

Ukasema: Yaya, mi nafuatana na Badibanga. Hawanifukuzi mi, najua. Lakini nafuatana naye.

Nilikuwa nimejaza kabisa, kupita siku zote. Nikakuangalia. Nikafikiri niteme chini, lakini mutu hatemi chini ya meza ya kazi. Nikafikiri nimeze, lakini maji ya kazi mi simezi. Basi nilifanya kile kinywa changu kinajua. Nikapuliza. Kola, mabega, mikono miwili, mbele, mugongo, nikapuliza vizuri kupita siku zote, hakuna tone lililoanguka zito. Nikafikiri: nikimaliza shati nitamujibu. Nikakunja shati, nikaizungusha, nikaiweka tayari kwako, nikainua kichwa. Wewe umekwisha kutoka. Ulikuwa ku lupango unafunga mizigo, na pasi ya jogoo ulikuwa umemwaga makala yake chini, umeifunga ndani ya kikwembe, ingali na moto.

Ulifikiri nimekubali? Ao ulifikiri nimekasirika? Ku gare, zile wiki zote mulizongoja treni chini ya mvua, nilikuja na bukari, nikasema mambo ya bukari na mambo ya mvua. Batu balikuwa bengi. Na Badibanga alikuwa amekaa ku mizigo, Valérie, ndani ya matope yale, batoto banalia, mama yake muzee Tshilombo amelala ku bati, na shati yake ina mukunjo ulionyooka ku mikono yote miwili! Ulimupigia pasi ku gare! Sijui makala ulitoa wapi. Niliangalia ule mukunjo kuliko nilivyokuangalia wewe. Na yangu iko ku meza kwangu, imelowa, imezungushwa, inangoja.

Jibu lenyewe, ukitaka kujua, ningesema: Usiende, yeye ni mwanaume, atajua kujitunza. Na wewe ungekwenda tu, na tungeachana na maneno mabaya katikati. Kwa hiyo labda maji yale yalinisaidia. Sijui. Siku nyingine nafikiri yalinisaidia, siku nyingine naona ningetema tu chini na meza ijisaidie.

Shati ilishika ukungu. Henriette akaifua, akaianika, akataka kuipiga pasi na ile pasi yetu nyingine, ile yenye mupini unaochoma. Nikamukatalia. Nikajipigia mwenyewe? Hapana. Nilisema: Hii iko na mutu wake. Tangu siku ile naivaa Jumapili vile vile inavyotoka ku kamba. Naingia kanisani, fundi wa pasi wa Dilala, na shati inafanana na uso wangu. Bibi banasukumana na viwiko. Padri alinikamata ku mulango, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamuambia nguo zangu ziko kwa fundi, fundi amesafiri.

Sasa unaelewa kwa nini nguo hazikuji. Nani ataleta shati yake kwa mutu mwenye shati kama ile? Banapita na ndoo zao, bananiangalia, banavuka kwa Mama Mbuyu. Henriette amesema neno lake la mwisho: shati ile inyooshwe, ao ataweka ndizi zake za kuuza ku meza ya pasi, na mi nitakaa nyuma ya ndizi. Anaweza. Amekwisha kupima meza.

Nageuka sasa ku salamu, karatasi inaisha. Henriette anakusalimia, anasema yeye hajanisaidia kusema uongo wowote. Mukalay anakusalimia na shati yake ya mashua. Stany unamuona mwenyewe, umupe chakula lakini si sana, anazoea. Mama Mbuyu anakusalimia, mi sikumutuma. Wewe unisalimie Mushiya, muambie aache kukua mpaka nimuone. Unisalimie Kabasele. Unisalimie Mama Tshilombo, umufunike miguu, baridi ya kule mi siijui. Na Badibanga, sawa, umusalimu mara ya pili, na umuambie bao la damu nimelificha chini ya kitanda, hakuna anayeligusa, na mara ya mwisho yeye njo aliiba kete.

Mungu abafunike bote na blanketi yake, na isiwe kama ile ya meza yetu yenye matundu ya pasi. Abalinde ku njia, abalinde ku mulango, abape bateja bengi, ndiyo, hata hapo Mwene-Ditu, nimesema, imekwisha kutoka.

Sikuombi urudi. Anayekuomba kurudi leo hana akili. Naomba kitu kidogo, na ni haki yangu, ulinibakishia tangu siku ile. Stany anaondoka kesho na treni, na shati nyeupe iko naye, ndani ya nailoni, chini ya barua hii. Uipige pasi. Umurudishie Stany. Najua itafika kwangu imekunjamana na njia yote, mpaka Henriette atanicheka, lakini mikunjo hiyo itakuwa ya treni, chini yake mi nitaona mukono wako, na nitaingia nayo kanisani kifua mbele.

Na usimupe Badibanga ajaze kinywa. Nimekwisha kuipuliza mwenyewe asubuhi hii, kola, mabega, mikono yote miwili. Najua itakauka kabla treni haijapita gare ya Tenke. Lakini maji yake yamekwisha kuwekwa. Wewe usukume tu.

Mi yaya yako anayekupenda, sasa kinywa hakina kitu,

Ngeleka